Ukali Si Ladha: Namna ya Kuonja Biri

Ukurasa huu umezoea kuhukumu mambo ya chunguni: mchuzi uliozidi chumvi, chai iliyochemka mno, wali ulioshika ukoko. Juma hili twaombwa kuhukumu moshi.

Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua ndefu ambayo twaieleza kwa ufupi bila kutaja jina lake wala mji wake. Mdogo wake alikuwa masomoni nchini Cuba, na aliporudi alimletea baba mkwe wa dada yake zawadi ya kasha la biri 25. (Kwa biri twakusudia ile tumbaku nene iliyovingirishwa ndani ya jani la tumbaku lenyewe, wala si ndani ya karatasi, wengine huiita sigaa.) Kasha lilikaa miezi minne ndani ya kabati la nguo likingoja sikukuu. Sikukuu ilipofika mzee, ambaye amevuta kiko tangu ujana wake, aliwasha moja mbele ya wageni, akaishusha kifuani mara tatu, akakohoa hata machozi yakamtoka, kisha akaiweka chini na kutamka kwamba hayo ni majani ya mgomba, hayana tumbaku ndani yake. Kijana amekasirika. Asema zawadi yake imedharauliwa na mtu asiyejua kitu kizuri, na tangu siku hiyo hajakanyaga nyumba ya dada yake. Mzee naye asema ameletewa takataka ili achekwe mbele ya wageni. Mama, aliye katikati yao, auliza: nani mwenye haki? Na je, iko njia ya kuijua biri njema kwa ulimi, au ni majivuno tu ya wenye fedha?

Njia ipo, na wako watu ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Katika viwanda vya biri vya mji wa Havana lipo jopo la waonjaji, ambao asubuhi huchukua biri chache kutoka katika kazi ya wavingirishaji na kuvuta sehemu tu ya kila moja. Huonja asubuhi kwa kuwa ulimi haujachoka, na baina ya biri na biri husafisha kinywa kwa chai isiyotiwa sukari. Wanapima mambo matano: jinsi moshi unavyopita, jinsi moto unavyokwenda, nguvu, harufu, na ladha. Msomaji aone kwamba nguvu na ladha zimewekwa katika safu mbili mbalimbali. Hapo ndipo ilipo kesi nzima ya mzee na kijana.

Nguvu ni kazi ya nikotini, nayo haisikiki ulimini bali mwilini: kichwa huwa chepesi, jasho baridi hutoka, tumbo huchafuka. Ladha ni ya kinywa na pua. Pilipili kichaa ina nguvu kuliko pilipili manga, lakini hakuna mpishi atakayesema kwamba kwa sababu hiyo ina ladha zaidi. Biri yaweza kuwa pole na bado ikawa na ladha nyingi. Yaweza pia kumwangusha mtu kitini na isimwachie kinywani ila uchungu. Mzee aliyezoea tumbaku ya msokoto hungoja lile pigo la kifuani, na asipolipata husema hakuna kitu. Lakini hapa tunamwuliza kwa heshima: kama ni majani ya mgomba, kikohozi kile kilitoka wapi?

Jibu la swali hilo limo katika namna jani linavyokaushwa. Sigara ya karatasi hutumia kwa wingi tumbaku iliyokaushwa haraka kwa joto la bani, kama ile inayolimwa Tabora na Urambo. Sukari ya jani hubaki ndani yake, na moshi wake huwa na uchachu kidogo. Nikotini iliyo katika moshi wa namna hiyo haipenyi vizuri katika ngozi ya kinywa, kwa hiyo mvutaji huifuata mapafuni. Jani la biri hukaushwa polepole kwa hewa tu, likining'inia kwa majuma kadhaa katika banda, kisha huvundikwa. Sukari yake huisha, na moshi wake huelekea upande wa magadi. Moshi wa namna hii huiachia nikotini papo hapo kinywani. Bibi zetu walilijua jambo hili kabla ya maabara kulieleza: ndiyo sababu ugoro huchanganywa na magadi, na mtafuna tambuu hutia chokaa. Basi biri haina haja ya kushushwa kifuani, na anayeishusha huungua koo bila kuonja kitu. Mzee alikohoa kwa kuwa aliitendea biri kama kiko chake, na hakuonja kwa sababu iyo hiyo.

Tumetaja kuvundika, na neno hili latufaa kuliko yale ya vitabuni, maana kila mama aliyefukia mkungu wa ndizi analijua. Majani yaliyokauka hupangwa marundo makubwa, yakafunikwa, nayo hupata joto yenyewe kwa yenyewe. Mlinzi wa rundo hulipima joto lake, na likizidi hulibomoa na kulipanga upya. Katika joto hilo jani hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua kama ya zizi la mbuzi lililofungwa usiku kucha, na ukali wake hupungua. Baada ya hapo jani hupumzishwa. Jani la chini ya mmea, liitwalo volado, hupumzishwa kwa muda mfupi kuliko mengine, na kazi yake ni kusaidia moto. La katikati, seco, ndilo lenye harufu. La juu kabisa, lililopigwa na jua kuliko yote, huitwa ligero, na huwekwa miaka isiyopungua 2. Kwa Kihispania neno hilo maana yake ni "jepesi", kumbe ndilo jani lenye nguvu kuliko yote! Mvingirishaji huliweka katikati ya biri, kwa kuwa huwaka polepole, na majani mengine hulizunguka. Kisha hufuata jani la kufungia, na mwisho jani la vazi, ambalo katika jimbo la Pinar del Río hulimwa chini ya vitambaa vikubwa vya kukinga jua ili liwe laini na lisilo na mishipa minene.

Kwa vile huu ni ukurasa wa nyumbani, tusipite bila kuwataja akina mama wa El Laguito. Hicho ni kiwanda cha Havana kinachotengeneza biri za Cohiba, aina iliyoanzishwa mwaka 1966 kwa ajili ya Serikali na wageni wake, na kuanza kuuzwa kwa watu wote mwaka 1982. Katika nchi ambayo uvingirishaji ulikuwa umehesabiwa kuwa ufundi wa wanaume, wavingirishaji wa El Laguito walikuwa wanawake, na biri zao zikawa za kulinganishiwa biri nyingine zote. Hawakuhitaji kuvuta ili wajue kazi yao. Vidole viliwaambia kama majani yamejaa mno hata moshi usipite, au yamepungua hata uwake kama karatasi.

Sasa tuonje. Kabla ya moto, ishike biri kwa vidole viwili na kuibonyeza taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Iwe na mnepo sawa kote. Penye uvimbe mgumu moshi utakwama, na penye shimo moto utakimbia. Ikitoa mlio wa majani makavu, imekauka. Inuse upande ulio wazi: yafaa kunukia nyasi kavu, mbao, pengine ngozi au kakao. Ikichoma pua kama zizi tulilolitaja, jani halikuvundika vya kutosha, na hakuna moto utakaoliponya. Kata kifuniko cha kichwa kidogo tu kwa kisu kikali, kisha vuta hewa kabla hujawasha. Mvuto huo wa baridi ni mwaminifu sana, nasi twashangaa kuona watu wengi wakiuruka.

Washa kwa kiberiti cha mti, na ungoje harufu ya baruti ya kichwa cha njiti iishe kwanza. Usiwashe kwa mshumaa wala kwa kibatari, maana utaonja nta au mafuta ya taa hadi mwisho. Zungusha biri juu ya mwali mpaka duara lote lishike moto. Kisha vuta mara moja kwa dakika, au zaidi kidogo ya dakika, si zaidi ya hapo. Mwenye pupa huipasha kaa joto kupita kiasi, na biri iliyopata joto hilo hutoa uchungu ambao si wake. Ni sawa na kulaumu kitunguu kilichoungua kwa sababu jiko lilikuwa na moto mwingi. Uache moshi ukae mdomoni, uuzungushe juu ya ulimi, uutoe. Mara moja moja, moshi ukiwa bado mdomoni, upitishe kiasi kidogo puani ukitoka, bila kuushusha kifuani. Sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kwa njia ya nyuma ya kinywa. Asiyesadiki na ale chungwa huku ameziba pua.

Biri haina ladha moja. Waonjaji huigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza huwa jepesi, na mara nyingi mtu huhukumu upesi hapo, kabla biri haijasema neno. Fungu la pili ndilo la kutolea hukumu, kwa kuwa majani yote yamekwisha kupata joto na kushirikiana. Fungu la tatu huwa zito na kali, kwani mafuta na nikotini za majani yaliyoungua zimejikusanya katika majani yaliyobaki. Wako wanaojisifu kwa kuvuta hadi vidole viungue. Sisi twaona biri njema yaweza kuachwa katikati ya fungu la tatu bila aibu. Iachwe izimike yenyewe, isisuguliwe chini, kwani hapo ndipo inaponuka.

Kazi iliyo ngumu zaidi ni kupata maneno. Vitabu vya Ulaya hujaa mierezi na matunda ya baridi ambayo wengi wetu hatujawahi kuyagusa, na mtu akiyakariri hawi ameonja, amesoma tu. Sisi tuna maneno yetu, tena mengi. Kuna utamu wa korosho zilizokaangwa, ambao si utamu wa sukari. Kuna uchungu wa kahawa, ambao ni mzuri, na uchungu wa shubiri, ambao ni kasoro. Kuna ukakasi wa ndizi mbichi, ule unaokausha ulimi na kuukunja. Ukiuonja katika biri, jani lilikuwa changa. Kuna mwasho wa pilipili manga puani, harufu ya karafuu, ya udongo uliopata mvua ya kwanza, ya ngozi mpya ya viatu, ya ukungu wa gunia lililolowa. Huo wa mwisho ni kosa lisilosameheka. Mama wa nyumbani ambaye ametofautisha iliki ya mwaka huu na ya mwaka jana kwa kunusa tu ana akiba ya maneno kuliko mvutaji wa miaka 30, na hili si neno la kumpendeza tu: moshi hupunguza uwezo wa kunusa, kwa hiyo mvutaji anahukumu kwa chombo ambacho yeye mwenyewe anakififisha.

Yako mambo matatu yanayodanganya ulimi. Rangi ni la kwanza: watu huona vazi jeusi wakadhani biri ni kali, hali nguvu iko katika majani ya ndani wasiyoyaona. La pili ni jivu. Jivu refu lisiloanguka huonyesha kwamba majani ya ndani ni mazima na yamevingirishwa vizuri, lakini halisemi kitu juu ya ladha, na mchezo wa kulirefusha ni wa kuwafurahisha watazamaji. La tatu ni jina. Biri za Cuba zina majina mazuri ya vitabuni, kama Montecristo na Romeo y Julieta, jambo lisilo ajabu katika viwanda ambavyo tangu mwaka 1865 vimekuwa na msomaji anayewasomea wafanyakazi magazeti na hadithi huku mikono yao ikienda. Jina likisomwa kwenye utepe, ulimi huanza kumtii bwana wake. Na Marekani ilipopiga marufuku biza ya Cuba mwaka 1962, marufuku yenyewe iliongeza utamu kwa wengi. Dawa yake ni nyepesi: mtu mwingine aufunike utepe kwa karatasi nyeupe, aandike nambari, na mwonjaji asijue kitu mpaka amekwisha kuandika hukumu yake. Wako pia wanaochovya kichwa cha biri katika pombe kali. Hao wanaonja pombe.

Tukirudi kwa mama yetu, tunashuku mtu ambaye hakutajwa katika barua yake, naye ni kabati. Mama ameandika, kama jambo la kupita tu, kwamba nguo zake huzikinga kwa vidonge vya kufukuza nondo. Jani la tumbaku hunyonya harufu kama maziwa yaliyoachwa wazi karibu na kitunguu. Miezi minne katika vidonge hivyo, tena kiangazi, bila unyevu wowote, yatosha kuiharibu biri ya mfalme. Biri hutaka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70. Ikikauka huwaka haraka, moshi wake huwa wa moto na mkavu, na mafuta yaliyobeba harufu yake hupotea. Basi yaelekea mzee alisema kweli juu ya biri aliyoishika mkononi, na kijana alisema kweli juu ya biri aliyoinunua. Hazikuwa tena biri zile zile.

Kama kijana ahofia kwamba aliuziwa za bandia, jambo linalotokea sana kwa wanunuzi wa mitaani, chini ya kasha patafutwe maneno "Hecho en Cuba" na "Totalmente a mano", yaliyochomwa katika ubao. Maneno hayo nayo huigwa. Ushahidi ulio bora zaidi ni kuitoa moja mhanga: ipasuliwe kwa wembe toka kichwani hadi mwisho. Majani marefu yanayokwenda toka ncha hata ncha ni ya mvingirishaji halisi. Vipande vilivyokatwakatwa kama makapi ya sakafuni vitajieleza vyenyewe. Ifanyike mbele ya mzee na kijana pamoja. Ni vigumu watu wawili kuendelea kununiana huku wameinamia kitu kimoja mezani.

Hatutasema kwamba mzee afundishwe kuzipenda. Mtu wa umri wake mwenye kikohozi hicho ana haki ya kukataa, na wakwe wasimshurutishe. Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na kutoishusha kifuani hakumponyi mvutaji: saratani ya kinywa, ya koo na ya umio huwapata wavutaji wa biri pia. Fidel Castro, ambaye ulimwengu mzima ulimjua kwa biri mdomoni, na ambaye biri za Cohiba zilianza kuvingirishwa kwa ajili yake, aliacha kuvuta mwaka 1985 na hakurudia, ingawa nchi yake iliendelea kuziuza. Wale waonjaji wa Havana huvuta sehemu tu ya kila biri ili ulimi usichoke, na hata hivyo hulipa kwa kinywa kile kile kinachowapa mshahara.

Kwa zile 23 zitakazobaki, mama afanye hivi. Azitoe kabatini leo, azitandaze kivulini katika chumba kisicho na harufu kwa siku mbili tatu, mbali na jiko na sabuni. Kisha azipange katika chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, kisichowahi kutiwa samaki wala viungo, pamoja na kisosi chenye sponji safi iliyoloweshwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ikakamuliwa hadi isidondoke. Sponji isiguse biri. Kila siku ya tatu afungue kifuniko kwa dakika chache na kuzigeuza. Chombo kikae mahali pa baridi, maana joto likipita nyuzi 25 huamka kidudu kidogo cha kahawia kinachotoboa tumbaku matundu kama ya sindano. Penye matundu hayo, biri zote zitiwe mfukoni na kugandishwa katika friji siku tatu. Baada ya mwezi mmoja au miwili abonyeze moja. Ikinepa bila mlio, imerudi, ingawa harufu iliyokwisha kutoka hairudi nayo, na ile ya vidonge huenda ikabaki. Asiharakishe kwa kuongeza maji: biri iliyoloweshwa ghafla huvimba ndani kabla ya nje, vazi lake likapasuka, na iliyopasuka haivutiki.